Nani Ataamka wa Kwanza?



Kila mwaka nawapokea katika chumba cha katekesi wachumba wanaojitayarisha kwa sakramenti ya ndoa. Nawauliza yale yaliyozoeleka: kama wamebatizwa, kama wanaoana kwa hiari yao, kama wazazi wa pande zote mbili wameridhika. Miaka michache iliyopita niliongeza swali moja ambalo halimo katika kitabu chochote cha mafundisho: asubuhi ya kwanza, wageni wakisha kurudi kwao, nani ataamka wa kwanza, na ataamka afanye nini?

Wote hucheka. Kisha mchumba wa kike huinamisha macho, na wa kiume humtazama kana kwamba jibu limeandikwa usoni pake. Mpaka leo sijapata jozi hata moja iliyokuwa imelizungumza jambo hilo. Mahari walikuwa wameyazungumza, tena kwa miezi. Vitenge vya mashangazi na kreti za vinywaji vilikuwa vimehesabiwa kimoja kimoja. Lakini saa za siku, ambazo ndizo watakazoishi humo kwa miaka arobaini kama Mungu akiwajalia, hakuna aliyezihesabu.

Swali hilo sikulitoa katika akili yangu tu. Lilizaliwa nilipokuwa nikisoma utafiti wa mama mmoja Mmarekani, ambaye jina la mumewe huenda mnalifahamu kuliko lake. Wengi wenu mmesikia habari za kitabu cha Adam Hochschild kilichotoka mwaka 1998, juu ya Mfalme Leopold II na mpira uliokusanywa kwa damu ya wazee wetu. Mke wake, Arlie Russell Hochschild, ni mwanasosiolojia, naye alikuwa amekwisha kutoa vitabu vikubwa kabla ya kile cha mumewe kufika kwetu. Simlaumu mume, kwani alitutendea wema alipoandika. Nataka tu mwone kwamba hata katika kuwafahamu hawa wawili tulianza na baba.

Mama huyu alizaliwa mwaka 1940, akafundisha katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa mwalimu kijana mwenye mtoto mchanga. Hakutaka kuacha kufundisha, wala hakutaka kumwachisha mtoto ziwa. Basi alimchukua pamoja naye ofisini, akamtengenezea kitanda ndani ya sanduku la katoni lenye blanketi, na humo mtoto alilala mama yake akipokea wanafunzi. Siku mtoto alipoamka na kulia mbele ya mwanafunzi, yule mama alijikuta ni watu wawili katika kiti kimoja, na hata mmoja wao hakutulia. Wenzake wanaume walikuwa na watoto pia, ila hawakuwaleta ndani ya katoni. Kila mmoja alijua kwamba mtoto wake yuko mikononi mwa mtu ampendaye, na mtu huyo hakuwa na ofisi. Hochschild ameandika wazi kwamba aliwaonea wivu.

Mwaka 1975 alitoa makala juu ya jambo hilo. Alianza na hesabu za chuo chake: mwaka 1972 wanawake walikuwa asilimia 41 ya walioingia mwaka wa kwanza, asilimia 12 ya waliopata udaktari, na asilimia 3 tu ya maprofesa wa ngazi ya juu. Wameanguka wapi njiani? Watu wa wakati ule walikuwa na majibu mawili. Wengine walisema wanawake wanabaguliwa na wale wanaoajiri. Wengine walisema wanawake wenyewe hawajiamini, wanajirudisha nyuma. Hochschild hakuyakataa majibu hayo, lakini alionyesha la tatu. Alisema, tutazame saa yenyewe ya chuo. Inamtaka mtu ajenge jina lake upesi, aandike na kushindana usiku na mchana, katika miaka ileile ambamo mwanamke huzaa na kulea. Saa hiyo ilitengenezwa kwa kipimo cha mwanaume mwenye mke nyumbani. Hakuna haja ya mlinzi mlangoni kumfukuza mwanamke, kwa kuwa saa inamfukuza yenyewe, kwa upole, wala hakuna atakayeungama dhambi hiyo.

Niliposoma hayo nilikumbuka kengele.

Nilipokuwa kijana nilifundisha darasa la sita. Kengele ililia saa moja na nusu, lango likafungwa, na aliyechelewa alipiga magoti uani. Msichana mmoja alichelewa karibu kila wiki, mara mbili, mara tatu. Nilimpigisha magoti bila hasira, kama tulivyofundishwa katika somo la nidhamu. Kaka yake, aliyesoma darasa la tano, aliwahi siku zote, shati lake limefuliwa na kunyooshwa, nami nilimsifu mbele ya wote. Siku moja nilikuwa natoka kwenye kilio alfajiri, saa kumi na moja hivi, nikapita mtaa wao. Bomba la mtaa mzima lilikuwa moja, na foleni ilikuwa ndefu. Msichana wangu alikuwamo, na bidoni mbili. Akanisalimu kwa adabu: “Mwalimu, jambo.” Kaka yake alikuwa angali amelala. Na lile shati, nilikuja kujua baadaye, alilifua yeye. Nilikuwa nikimwadhibu aliyeamka saa kumi, nikimsifu aliyeamka saa kumi na mbili.

Ningependa kuwaambia kwamba siku ileile nilibadili desturi yangu. Sikubadili. Nilimpunguzia magoti, basi. Sikumwuliza neno, wala sikumwomba msamaha, na mwaka ule haukuisha kabla hajaacha shule. Mkono wangu haukumsukuma atoke, lakini mimi ndimi niliyeshika kengele.

Kwetu Kongo twapenda kuhesabu wa kwanza. Mwaka uleule wa 1940 alizaliwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, Sophie Kanza. Mwaka 1964 alimaliza masomo ya sosiolojia katika Chuo Kikuu cha Lovanium, akawa mwanamke Mkongo wa kwanza kupata shahada ya chuo kikuu, na mwaka 1966 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika nchi yetu. Mwaka 2024 Judith Suminwa akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri mkuu. Twawapigia makofi, na ni haki. Lakini kumbukeni kwamba Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, iliyotoka zaidi ya miaka ishirini baada ya shahada ile, ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mumewe kwa kila tendo la kisheria linalomfunga. Ruhusa hiyo haikuondolewa mpaka sheria mpya ya Julai 2016. Mlango wa wa kwanza waweza kufunguka na kufungika nyuma yake. Tena sheria, hata ikiwa njema, haifiki kwenye foleni ya bomba saa kumi na moja alfajiri.

Kitabu kilichomfanya Hochschild ajulikane sana kilitoka mwaka 1989, naye alisaidiwa na mwenzake Anne Machung. Jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Zamu ya Pili. Hapa Lubumbashi, mji wa migodi, neno zamu halihitaji kufafanuliwa. Zamu ya kwanza ni ile ya mshahara, ya pili ni ile inayoanza mtu anapoingia mlangoni kwake. Kwa miaka kadhaa alizungumza na watu na wake zao, jozi hamsini hivi, katika eneo la San Francisco, wote wawili wakiwa na kazi na watoto wadogo. Na katika nyumba kama kumi na mbili aliingia kabisa, akaketi mezani pao jioni, akafuatana nao sokoni, akatazama nani anashika nini. Alipolinganisha na hesabu za saa zilizofanywa Marekani katika miaka ya 1960 na 1970, aliona kwamba mke, ukijumlisha kazi ya mshahara na ya nyumbani, alimzidi mumewe saa 15 hivi kwa juma. Kwa mwaka mmoja ni mwezi mzima wa siku za saa 24, yaani mwezi wa kumi na tatu, usiolipwa. Mume aliyeshiriki nusu kwa nusu alikuwa mmoja kati ya watano hivi.

Hesabu hizo ni nzito, lakini kilichonigusa zaidi ni habari ya nyumba moja. Mke na mume hao kitabu kinawaita Nancy na Evan Holt, majina ya kuwaficha. Nancy alikuwa mfanyakazi wa huduma za jamii, Evan aliuza samani, na mtoto wao alikuwa na miaka minne. Nancy aliomba wagawane kazi, Evan akakubali kwa mdomo na kusahau kwa mikono. Wakagombana, ndoa ikatikisika. Mwishowe walipata mapatano waliyoyaita ya haki: Nancy achukue juu, Evan achukue chini. Maneno yanapendeza, siyo? Lakini juu palikuwa na jiko, sebule, vyumba vya kulala na bafu. Chini palikuwa na gari, vifaa vya Evan vya kujifurahisha, na mbwa. Nancy alipunguza kazi yake ya mshahara ili aweze. Na wote wawili walimwambia mgeni wao kwa moyo safi kwamba wanagawana sawa.

Hapo ndipo penye uzito, vijana wangu. Evan hakuwa mtu mwovu. Hakupiga, hakulewa, hakutoroka. Ndoa yao ilihitaji hadithi ya kuificha hesabu, wakaitunga pamoja, wakaisadiki pamoja. Udhalimu wenye fimbo hujulikana hata na mtoto, lakini huu unalala kitandani pamoja na amani, na anayeuamsha huonekana yeye ndiye mgomvi.

Kwangu hakuna ghorofa, lakini tulikuwa na ndani na nje. Mke wangu ni mwalimu kama mimi. Mimi nilichukua nje: paa, ukuta, baiskeli, karo za shule, mikutano ya parokia. Yeye alichukua ndani. Nami nilijisifu mbele ya wachumba kwamba nyumba yetu ni ya kugawana! Sasa tazameni. Paa lilihitaji mkono wangu mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua na katikati yake, na siku niliichagua mimi. Chungu kilihitaji mkono wake mara mbili kwa siku, na saa ilichaguliwa na njaa ya watoto. Jambo hilo pia Hochschild aliliona kwa Wamarekani wake: kazi za mume ni zile zinazoweza kungoja Jumamosi, kazi za mke ni zile zisizongoja.

Tulianza pamoja masomo ya ualimu ya ngazi ya juu. Mimi nikamaliza. Yeye aliahirisha mpaka mtoto wa kwanza akue kidogo. Siku ya kupokea diploma nilimshukuru mbele ya wageni kwa uvumilivu wake, wakapiga makofi. Mtoto yule amekua, sasa yeye mwenyewe ana watoto. Yale masomo bado yameahirishwa.

Kuna mzee mmoja wa jumuiya yetu aliyenisikiliza, akasema: “Katekista, hayo ni mambo ya Wazungu wenye mashine za kufua. Kwetu baba ndiye anayelisha.” Nilimheshimu, kwa kuwa alifanya kazi ya mgodi miaka mingi. Lakini yeye ajua kuliko mimi mambo yalivyokwenda. Zamani kampuni ilitoa mshahara na posho ya unga kwa mikono ya baba, na wake wa wafanyakazi walikusanywa katika vituo wafundishwe kushona, kupika na kutunza watoto. Kisha mgodi wa Kamoto ukaanguka mwaka 1990, uzalishaji wa Gécamines ukaporomoka, mishahara ikakawia miezi na miezi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka kwa mpango ulioitwa wa hiari. Nani alilisha Katanga katika miaka ile? Mama mwenye meza ya unga na chumvi mbele ya nyumba, aliyetoka alfajiri kutafuta makala, aliyeuza mandazi. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameandika juu ya baba wa mgodini na jinsi mamlaka yake ilivyodhoofika nyumbani mshahara ulipokwisha. Zamu ya kwanza ikahamia kwa mama. Je, ile ya pili ilihamia kwa baba?

Nyumba nyingi nilizozifahamu, hapana. Baba alikaa mlangoni na redio yake, akingoja bukari. Nilidhani ni uvivu, mpaka nilipoona katika utafiti wa Hochschild jambo ambalo sikulitazamia. Kati ya waume waliopata fedha kidogo kuliko wake zao, hakuna hata mmoja aliyeshiriki nusu ya kazi za nyumbani. Hata mmoja. Kwa maelezo yake, mtu aliyekwisha kupoteza heshima ya mshahara huogopa kupoteza na ile iliyobaki, na mke, kwa kumhurumia, humwachia asiguse sufuria. Basi mwanamke anabeba zamu mbili, na juu yake anabeba aibu ya mumewe. Mzee wangu alinyamaza nilipomweleza hivyo. Kisha akasema: “Ile miaka, mama watoto hakulala.” Sikumwuliza zaidi.

Najua pia kwamba nyumba zetu si kama za Wamarekani. Kwetu kuna mikono mingi: wadogo, binamu, wageni wasioondoka. Wasomi wetu wakioana, mke akiwa daktari na mume mwanasheria, mara nyingi hawagombani hata kidogo juu ya vyombo, kwa sababu wamemleta mpwa kutoka kijijini. Yeye ndiye anayeamka wa kwanza. Alikuja kwa ahadi ya kusomeshwa, na ahadi hiyo inangoja mtoto mdogo akue, kama yale masomo ya mke wangu. Hochschild aliufuata mnyororo huo hata nje ya nchi yake: mama wa nchi maskini huwaacha watoto wake kwa dada yao mkubwa, akavuka bahari kulea watoto wa mama mwingine aendaye ofisini. Kila pete ya mnyororo ni mwanamke, na kadiri unavyoshuka ndivyo malipo yanavyopungua, mpaka kwa msichana wa mwisho ambaye halipwi kitu. Kwa hiyo, dada zangu mnaosoma vizuri, tazameni kwamba usawa wenu usiwe mzigo uliopakiwa kichwani pa msichana mwingine.

Wengine wataniuliza Kanisa lasemaje. Mwaka 1981, katika barua yake juu ya kazi ya binadamu, Papa Yohane Paulo II alitaka kazi yenyewe ipangwe upya, ili mwanamke asilazimike kulipa maendeleo yake kwa kuiacha jamaa yake. Nawaomba mpime vizuri agizo hilo linaelekezwa kwa nani. Lamwambia aliyeshika kengele atengeneze saa yake. Mara nyingi sisi wahubiri tumeligeuza, tukamwambia mama pekee yake apunguze ndoto zake.

Nawageukia sasa ninyi wenyewe, Kizito-Anuarite, Waxaveri, vijana wa korali. Mwaka jana, katika sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa parokia yetu, wasichana waliwasha moto saa kumi usiku nyuma ya ukumbi. Walitwanga sombe, wakasonga bukari, wakakaanga samaki. Misa ya saa tatu waliisikia kwa kipaza sauti. Wavulana walipanga viti, wakabeba vyombo vya muziki, wakacheza mpira, wakala. Jioni Bwana Padri aliwashukuru vijana wote kwa kushirikiana vema, na vijana wote wakapiga makofi, hata wale waliokuwa na moshi machoni. Nilitazama nikawaza: hii ndiyo nyumba ya Holt, juu na chini, nasi tumewafundisha kuijenga kabla hawajaoana.

Kwa sikukuu ya mwaka huu nimeomba, na kamati imekubali baada ya mabishano, kwamba zamu za jikoni ziandikwe kwa majina kwenye ubao wa matangazo, saa kwa saa, tangu saa kumi usiku, wavulana na wasichana mstari mmoja. Ubao umewekwa tangu Jumapili iliyopita, na kalamu inaning'inia kwa uzi. Leo asubuhi, nilipopita baada ya Misa, majina ya wavulana yalikuwa matatu, na mmoja wao alikuwa amejiandikisha kwa ile zamu ya saa nne, wakati chakula kitakuwa karibu kuiva.